Kunasa rangi ya batiki kwa maganda ya kamba: mwongozo kamili

Swali ni lile lile kila linapoletwa: mbona rangi haitoki majini? Mtu ameanika maganda ya kamba wa baharini, ameyatwanga, ameyamwaga kwenye ndoo ya maji ya kusuuzia batiki, amekoroga, amengoja hadi asubuhi, na maji bado ni ya zambarau. Mwingine amenunua kitosani kilicho tayari, yaani unga wa kunasa rangi unaotokana na maganda hayo, safi kabisa, na amepata matokeo hayo hayo.

Sababu ni mbili. Ganda bichi limejaa chokaa na protini, kwa hiyo sehemu inayonasa rangi imefichwa ndani. Hiyo ni ya kwanza. Ya pili ndiyo inayowaangusha wengi: maji ya batiki yana soda nyingi (kostiki au magadi ya kutilia rangi), na ndani ya maji makali ya soda hata kitosani bora hakina nguvu ya kuvuta rangi. Watu wanahangaika na unga, maji wanayaacha vilevile. Kama tayari una kitosani, ruka hadi Hatua ya 5, na Hatua ya 6 uisome mara mbili.

Hapa Malindi jambo hili si la kufanyia mzaha. Mji umekaa juu ya mchanga na mawe ya matumbawe, na ardhi ya namna hiyo haizuii kitu: maji unayomwaga uani leo yanashuka moja kwa moja kuelekea visima vya jirani, na mengine yanaishia baharini.

## Vifaa

Kwa mkupuo mdogo wa kuanzia, tafuta:

- Maganda makavu ya kamba, gramu 200. Wauza samaki na jikoni za hoteli huyatupa. Omba kabla hayajachanganywa na taka nyingine.
- Siki nyeupe ya asilimia 5, lita 3 za kusafishia maganda, na nyingine ya akiba kwa ajili ya maji.
- Kostiki soda, ile ya watengeneza sabuni, kilo moja.
- Ndoo za plastiki nene zenye alama ya namba 2 chini yake.
- Mwiko wa mbao au wa plastiki, kitambaa cha marikani, chekeche, kinu na mchi.
- Mizani ya jikoni, sirinji isiyo na sindano, chupa nne za kioo zinazofanana.
- Karatasi za kupimia pH, yaani namba inayoonyesha ukali wa maji: soda huipandisha, siki huishusha. Wanaohudumia mabwawa ya kuogelea ya hoteli wanazo na wanajua zinakouzwa. Ukizikosa, chovya karatasi nyeupe kwenye manjano ya jikoni iliyokorogwa kwa maji, ianike, kisha ikate vibanzi. Kibanzi kikigusa maji yenye soda hugeuka kahawia ya wekundu. Maji yakitulia hubaki cha njano.
- Glavu ndefu za mpira, miwani ya kufunika macho yote, viatu vilivyofungwa, na ndoo nzima ya maji safi karibu yako.

Usitumie sufuria ya kawaida hata mara moja. Sufuria zetu nyingi ni za alumini, na kostiki hula alumini na kutoa gesi ya hidrojeni inayoshika moto. Chupa za soda pia si za kuwekea kostiki. Plastiki yake huliwa polepole, na siku moja utakuta sakafu imelowa kitu cha kuunguza.

Watoto wasiwepo. Kostiki ikikurukia, mwaga maji mengi mfululizo kwa dakika 20, na ikiwa ni jichoni nenda hospitali huku ukiendelea kumwagia. Usipake siki kwenye ngozi kujaribu kuua ukali wake.

## Hatua ya 1: Andaa maganda

Toa vichwa, macho na nyama iliyobaki. Chemsha maganda kwa dakika 10, yasuuze, yaanike juani hadi yavunjike kwa vidole. Wakati wa kaskazi siku mbili zinatosha. Wakati wa masika usianze kabisa kama huna pa kuanikia palipofunikwa, maana yataoza na nzi watakuzidi.

Twanga na uchekeche. Chembe ziwe kubwa kidogo kuliko sukari. Ukisaga zikawa vumbi, utalipoteza nusu kila unapochuja.

## Hatua ya 2: Ondoa chokaa

Weka gramu 200 za chembe kwenye ndoo kubwa, ukubwa wa lita 10 angalau. Mimina lita 2 za siki kidogo kidogo. Povu litapanda kwa nguvu: hiyo ni chokaa ikigeuka gesi ya kaboni, ile iliyomo kwenye soda za kunywa. Ukimwaga siki yote kwa pamoja, povu litabeba chembe hadi sakafuni.

Koroga kila baada ya nusu saa. Baada ya saa sita hivi chuja kwa marikani (siki iliyotumika itunze kwa Hatua ya 4), kisha weka lita moja iliyobaki na uache usiku kucha.

Nimeona wengi wakitumia ndimu badala ya siki kwa sababu ni rahisi kupata. Hapa ndimu haifai. Asidi yake ikikutana na chokaa hutengeneza chumvi isiyoyeyuka vizuri, na chumvi hiyo hubaki imeshikamana na chembe zile zile unazotaka kuzisafisha.

Utajua umefaulu ukiona siki mpya haitoi viputo tena, na ganda limekuwa laini linakunjika bila kuvunjika. Suuza mara kadhaa kwa maji ya bomba au ya mvua. Maji ya kisima chenye chumvi usiyatumie hapa.

## Hatua ya 3: Ondoa protini

Pima lita 2 za maji, ndipo utie gramu 80 za kostiki, kidogo kidogo, ukikoroga. Siku zote kostiki ndiyo inayoingia kwenye maji. Ukimwaga maji juu ya kostiki, joto linaruka ghafla na kukutupia usoni.

Tia chembe, funika bila kubana, acha usiku kucha. Asubuhi maji yatakuwa ya kahawia na harufu ya kamba itakuwa kali. Chuja, rudia kwa kostiki mpya ya kiasi hicho hicho. Kawaida mara ya pili maji hutoka meupe zaidi. Yakiwa bado ya kahawia, rudia tena.

Suuza hadi kibanzi cha manjano kibaki cha njano, kisha anika. Ulichonacho sasa ni kitini, karibu gramu 40, chepesi, cheupe au cha waridi hafifu, kisicho na harufu. Kitini kinanasa rangi kidogo tu. Bado hatujafika.

## Hatua ya 4: Geuza kitini kiwe kitosani

Hii ndiyo hatua ya hatari. Ikiwa kikundi chenu kinaweza kupata maabara ya shule ya sekondari na mwalimu wa kemia wa kusimamia, ifanyieni huko. Kama hamna pa kuifanyia kwa usalama, nunueni kitosani cha unga na mwendelee na Hatua ya 5. Kununua si kushindwa.

Kinachotokea ni hiki: kostiki kali inakata kipande kidogo cha asetili kwenye mnyororo wa kitini na kuacha kikundi cha amino kikiwa wazi. Kikundi hicho ndicho kinachochukua chaji chanya majini, na rangi nyingi za pamba zina chaji hasi. Bila kukatwa huku hakuna mvuto wa maana.

Weka mililita 500 za maji kwenye ndoo, na ndoo yenyewe uikalishe ndani ya karai la maji baridi. Ongeza gramu 500 za kostiki kwa vijiko, ukisubiri joto lishuke kati ya kijiko na kijiko. Fanyia nje, upepo ukitoka mgongoni mwako. Ikipoa, tia gramu 40 za kitini, koroga, funika, weka kivulini mahali panapofungwa kwa kufuli.

Joto la kawaida la Pwani linaweza kufanya kazi hii, lakini linataka siku, halitaki saa. Kuanzia siku ya tatu chukua punje chache kwa kijiko cha plastiki, zisuuze sana, zitie kwenye kijiko cha siki. Kitini hukaa pale kama kilivyo. Kitosani huvimba, huwa angavu pembeni, na baada ya saa chache huyeyuka kuwa ute mzito. Kama nusu tu imeyeyuka, iache ndoo siku nyingine.

Ukishapata ute, chuja kostiki na uitunze kwenye ndoo yenye mfuniko. Itafaa kwa mkupuo unaofuata. Suuza kitosani kwa subira, maji baada ya maji, hadi kibanzi kibaki cha njano.

Maji yote ya kostiki hafifu ya kusuuzia yakusanye, uyachanganye na siki iliyotumika ya Hatua ya 2 hadi kibanzi kitulie. Uchafu mmoja unaua ukali wa mwingine, na hakuna kinachomwagwa kikiwa kikali.

## Hatua ya 5: Tengeneza punje

Unga wa kitosani ukiutupa moja kwa moja majini unanasa rangi, lakini kuuchuja ni mateso. Punje ni rahisi kutoa na kutumia tena.

Changanya mililita 40 za siki na mililita 60 za maji. Tia gramu 3 za kitosani, koroga, acha usiku. Asubuhi utakuta ute mzito. Uchuje kwa marikani kuondoa vipande ambavyo havikuyeyuka, na uuache utulie hadi mapovu yapande na kuisha.

Kwenye ndoo nyingine yeyusha gramu 40 za kostiki kwa lita moja ya maji. Vuta ute kwa sirinji, uishike wima sentimita kumi hivi juu ya maji, na uangushe tone moja moja.

Hapa tazama kwa makini. Tone linapogusa maji huwa angavu. Kabla halijafika chini ngozi nyeupe imeshalizunguka, na likitua limekuwa punje ya mviringo kama sago iliyopikwa. Likitandaa juu ya maji, ute wako ni mwepesi mno, ongeza kitosani kidogo. Likivuta mkia, umeshika sirinji karibu mno au unasukuma kwa haraka.

Acha punje ndani kwa saa nne, zisuuze hadi kibanzi kitulie, na uzihifadhi ndani ya maji safi yaliyofunikwa. Usizianike. Punje ikikauka husinyaa na kufunga vitundu ambamo rangi ingeingia.

## Hatua ya 6: Andaa maji

Kwanza tenga maji. Yale mazito uliyochovyea kitambaa usiyalete kwenye punje: yana soda na chumvi nyingi mno, na siki ya kuyatuliza itakumaliza mfuko. Yamwage kwenye beseni pana au turubai lililoinuliwa kingo, jua likaushe maji kama linavyofanya kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni, na unga utakaobaki uutunze pakavu. Punje ni za maji ya kusuuzia.

Pili, jua umetumia rangi gani.

Kama ni zile zinazofanyiwa kazi kwa kostiki na haidrosi (unga wenye salfa unaoyeyusha rangi), usitie siki ndani ya maji yake mapya. Haidrosi ikikutana na asidi hutoa gesi ya salfa inayokaba kifua, na mwenye pumu inaweza kumlaza. Yaweke maji kwenye beseni lililo wazi, yakoroge mara kwa mara mchana mzima ili hewa iingie, kisha uyaache yatulie hadi kesho yake. Hewa huirudisha rangi ya namna hii katika hali isiyoyeyuka, nayo hutuama chini yenyewe. Chuja kwa marikani na mchanga uliooshwa. Mara nyingi sehemu kubwa ya kazi imekwisha hapo, bila hata punje moja. Harufu kali ya haidrosi ikiwa bado ipo, endelea kupiga hewa kabla ya kufikiria siki.

Kama ni rangi zinazoshika kwa chumvi na soda ya magadi bila haidrosi, hizo huyeyuka kabisa na hazituami. Ndizo zinazohitaji kitosani.

Sasa tia siki, kijiko kwa kijiko, ukikoroga. Maji ya kusuuzia yenye soda kiasi hula karibu vijiko vitatu vya chakula vya siki kwa lita, lakini usinifuate mimi, fuata kipimo chako. Dondosha tone kwenye kibanzi cha manjano na utazame ukingo wa doa, si katikati, kwa sababu katikati rangi ya kitambaa itakudanganya. Wekundu ukikoma, shika karatasi ya pH na uende taratibu hadi iwe kati ya 6.3 na 7.

Mbona nafasi finyu hivyo? Juu ya hapo vikundi vya amino vinapoteza chaji, na rangi haivutiwi. Chini ya hapo chaji inaongezeka, ila punje zenyewe zinaanza kulainika na kuyeyuka. Viwandani huzifunga kwa kemikali ili zistahimili asidi. Kemikali hiyo ni sumu na sitaki iingie kwenye nyua zetu. Afadhali tufanye kazi kwa uangalifu ndani ya nafasi hii.

Anayeniambia kitosani hakifanyi kazi, humuuliza kwanza pH ya maji yake. Karibu kila mara hajaipima.

## Hatua ya 7: Jaribu kwenye chupa

Usitie punje zote kwenye ndoo kabla ya kujua kiasi. Jaza chupa nne, mililita 250 za maji uliyoyaandaa kila moja. Ya kwanza usiitie kitu. Ya pili tia kijiko kimoja cha chai cha punje, ya tatu viwili, ya nne vinne. Zitikise mara kwa mara, kisha uziache usiku.

Chupa isiyo na kitu ni ya lazima. Siki peke yake hubadilisha sura ya baadhi ya rangi, na bila chupa hiyo utazisifu punje kwa kazi ya siki.

Asubuhi simamisha chupa zote mbele ya karatasi nyeupe, mchana, usitumie taa. Kata punje moja katikati kwa wembe. Ikiwa rangi imepenya hadi kati, punje zimeshiba, ongeza kiasi. Ikiwa rangi ni pete nyembamba pembeni na maji bado yana rangi, zinahitaji muda zaidi au pH imepanda; pima tena. Chagua kiasi kidogo kabisa kilichosafisha maji, ukizidishe kwa wingi wa maji yako.

## Hatua ya 8: Nasa rangi

Njia ya ndoo ndiyo ninayoipendekeza kwa anayeanza: tia punje kwenye mfuko wa marikani uliolegea, uzamishe, ukoroge kila unapopita, uache usiku kucha. Mwendo ni muhimu kwa sababu rangi lazima ifike kwenye uso wa punje kabla ya kupenya ndani, na maji yaliyosimama huifikisha polepole.

Ukishazoea, panga mtungi: chupa kubwa ya plastiki iliyokatwa kitako na kugeuzwa, kitambaa mdomoni, mchanga uliooshwa, punje juu yake, na maji yapite tone kwa tone. Yakipita kwa kasi yatatoka na rangi yake.

Maji yaliyotoka meupe si ya kunywa, si ya mifugo, wala si ya kumwagilia mchicha. Bado yana chumvi. Yatumie kulowekea vitambaa vipya au kusuuzia mara ya kwanza batiki inayofuata.

## Kama rangi ni ya mikeka

Wanaotia rangi miyaa ya mikeka na vikapu huja kwangu na malalamiko mengine: pH iko sawa, punje ni nzuri, rangi haitoki kabisa. Rangi nyingi za unga za miyaa zina chaji chanya, sawa na kitosani, na vyenye chaji sawa husukumana.

Kwa hizo tumia vumbi la makumbi ya nazi. Lichemshe, ulisuuze hadi lisitoe tena maji ya kahawia, ulilaze usiku mmoja kwenye kostiki ya gramu 40 kwa lita, ulisuuze hadi kibanzi kitulie. Selulosi na lignini ya makumbi hubeba chaji hasi na hushika rangi hizo vizuri katika pH ya 7 hadi 8. Hupaswi kuongeza siki zaidi ya hapo. Asidi huipunguzia nguvu yake. Hatua ya 7 ifuate kama ilivyo.

Usipojua rangi yako ni ya chaji gani, weka chupa mbili sawa, moja punje, moja makumbi. Chupa itakayopauka itakujibu.

## Hatua ya 9: Safisha punje na utunze mabaki

Punje zilizoshiba zilaze kwenye kikombe cha kostiki hafifu, gramu 4 kwa lita. Soda inaondoa ile chaji, na rangi nyingi huachia na kurudi majini. Tumia maji machache iwezekanavyo, kwani lengo ni kupata kikombe kimoja kizito badala ya ndoo kumi nyepesi. Kikombe hicho kikaushie kwenye beseni la jua la Hatua ya 6.

Suuza punje, pima, zitumie tena. Kila mzunguko zitanasa pungufu kidogo, na nyingine zitapasuka. Zikifika mahali ambapo jaribio la chupa linataka mara mbili ya kiasi cha mwanzo, zistaafishe.

Punje zilizostaafu na unga wa rangi uliokauka vyote viingie kwenye debe lenye mfuniko, mbali na mvua. Usivichome, maana baadhi ya rangi hutoa moshi wa sumu, na usivifukie karibu na kisima wala ufukweni. Debe likijaa, vikundi vya mtaa mmoja viunganishe mizigo yao na kuipeleka pamoja kwa anayeruhusiwa kupokea taka za kemikali. Ofisi ya mazingira ya kaunti ndiyo ya kuulizwa ni nani huyo, na mwende na maelezo ya rangi mlizotumia yakiwa yameandikwa kwenye debe.